Mshipa Umezibuliwa, Sasa Nani Anamshika Mgonjwa?

Hotuba kwa wauguzi, wanafunzi wa uuguzi na familia za wagonjwa wa moyo, Mwanza

Mgeni rasmi, viongozi mlioko meza kuu, wauguzi wenzangu, vijana wa vyuo, na ninyi ndugu mliokuja na wagonjwa wenu, itifaki imezingatiwa. Mwangaluka!

Mmeitikia vizuri, hasa huko nyuma. Nimeombwa nizungumzie uuguzi wa mgonjwa aliyezibuliwa mishipa ya moyo, na kwenye barua ya mwaliko wakaongeza neno "ushirikiano". Neno hilo kwenye mikutano yetu hupigiwa makofi, kisha tunakwenda kula. Leo nataka kulishusha mpaka kitandani kwa mgonjwa. Mgonjwa huyu anapita mikononi mwa watu wengi: anatoka kathlabu, chumba cha kuzibulia mishipa, anakuja wodini, zamu ya mchana inamwachia ya usiku, wodi inamruhusu nyumbani, Dar es Salaam inamrudisha Mwanza. Kwa jinsi ninavyoona mimi, kila mmoja wetu akiwa naye anafanya kazi nzuri tu. Tunapomwangusha ni pale tunapokabidhiana.

Kazi yenyewe haina miaka mingi. Mwaka 1929, katika hospitali ya mji wa Eberswalde karibu na Berlin, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alitaka kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka ndani ya moyo. Mkubwa wake akamkatalia. Vifaa vilikuwa vimefungiwa, na mwenye funguo alikuwa muuguzi, Gerda Ditzen. Dada yule akakubali kuvitoa kwa sharti kwamba jaribio lifanyike kwake. Forssmann akamlaza mezani, akamfunga, akajifanya anamwandaa, kumbe mpira ameshauingiza mkononi mwake mwenyewe. Baadaye akamfungua, wakashuka wote hadi chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha ncha ya mpira iko moyoni. Mwaka 1956 Forssmann alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwenye funguo hakuwemo. Mnacheka, lakini wanafunzi andikeni hilo jina.

Kupanua mshipa wa moyo wenyewe kwa puto kulianza Zurich, Septemba 1977, kwa mikono ya Andreas Grüntzig. Hospitali yetu ya Bugando hapo juu ya kilima ilikwishafunguliwa miaka 6 nyuma. Stenti za kwanza kwenye mishipa ya moyo ya binadamu ziliwekwa 1986, Ufaransa na Uswisi. Hapa nchini, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa 2015, na huko Dar es Salaam ndiko wagonjwa wetu wa Kanda ya Ziwa wamekuwa wakipelekwa kwa rufaa.

Stenti, kwa ninyi ndugu wa wagonjwa, ni kijichuma chenye matundumatundu, mfano wa springi ya kalamu, kinachoachwa ndani ya mshipa ili usinywee tena. Kinafungua njia ya damu. Presha, sukari na mafuta yaliyoziba mshipa ule wa kwanza hakiyagusi. Sasa mgonjwa anatoka mezani, kifua hakibani, rangi imerudi, anawaambia watu "nimepona". Nanyi mnampigia vigelegele. Mimi pia ninapiga, halafu nakwenda kuangalia mkono wake.

Tuanze na huo mkono. Siku hizi madaktari wengi hupitia kwenye kifundo cha mkono, pale tunapopimia mapigo. Mgonjwa anakuja wodini amefungwa bangili ya plastiki angavu yenye kifuko cha hewa kinachobana tundu. Baada ya muda uliopangwa, mara nyingi saa mbili hivi, muuguzi anaanza kutoa hewa kwa bomba la sindano, mililita mbili au tatu kwa mara moja, anasubiri, anatoa tena. Damu ikichuruzika, unarudisha hewa uliyoitoa, unatulia, unaanza upya baadaye. Kila hospitali ina dakika zake, zifuateni. Ninachokataa ni ile tabia ya kuijaza bangili hewa nyingi ili damu isitoke kabisa na muuguzi apate nafasi ya kwenda kitanda kingine. Damu haitatoka, ni kweli, lakini mshipa wenyewe unaweza kuziba moja kwa moja. Weka oksimita, kile kipimo cha oksijeni na mapigo, kwenye kidole gumba, bana kwa sekunde chache mshipa wa upande wa kidole kidogo, tazama kioo. Mawimbi yakiendelea, damu inapita chini ya bangili. Yakipotea na yasirudi, umebana kupita kiasi, punguza. Hiyo ni kazi ya nusu dakika.

Na pembeni ya kitanda ameketi nani? Mkewe. Amekuja na chupa ya uji tangu asubuhi, na atakaa pale kuliko daktari yeyote, kuliko mimi. Sisi tumezoea kumwambia "mama, subiri nje". Mimi nasema mwite, mshike mkono, muonyeshe. "Mama, bangili ikilowa damu, mkono ukianza kuvimba, vidole vikiwa vya baridi au akisema vinakufa ganzi, usinitafute mimi kwa jina. Piga kelele, atakuja yeyote." Hajasomea uuguzi na hatumwachii kazi yetu, kuhesabu mapigo ni juu yangu. Lakini wodi yenye vitanda 30 na wauguzi wawili usiku isiyotumia macho ya mama huyu inajinyima.

Wengine hupitiwa pajani, na hao wananitia wasiwasi zaidi. Wanatakiwa walale chali, mguu ulionyooka, kichwa kisiinuliwe sana, na wakikohoa au kupiga chafya wabonyeze bandeji kwa kiganja. Haja ndogo ni pale pale kitandani, na baba wa miaka 65 hataki kabisa kushikiwa chombo na binti wa umri wa mjukuu wake. Mtafutie muuguzi wa kiume au mwanawe. Asipopata, atasubiri ugeuke, atainuka, na damu itafoka. Ikitokea, usibonyeze penye tundu la ngozi lenyewe. Panda upana wa vidole viwili kuelekea tumboni, maana tundu la mshipa liko juu kuliko la ngozi, bonyeza kwa uzito wa mwili wako, na umwite mwenzako huku umebonyeza.

Ila damu inayoonekana si tishio kubwa kama ile isiyoonekana. Mgonjwa wa pajani akianza kusema mgongo unamuuma, au tumbo la chini upande ule, wote tuna jibu tayari: "Baba, umelala chali muda mrefu, utaumwa tu." Naye anakubali, watu wa huku ni wapole mbele ya nesi. Anapewa dawa ya maumivu, anasinzia. Ndani huko damu inaweza kuwa inamwagika nyuma ya tumbo, mahali ambapo inaingia nyingi bila bandeji kuonyesha hata doa. Kwa hiyo mgongo ukitajwa, mkono wako uende kwenye mashine ya presha kabla ya kwenda kwenye kabati la dawa. Presha ikishuka na mapigo yakipanda, daktari anaitwa muda huo, si baada ya raundi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kukabidhiana zamu. Tuseme ukweli: ripoti tunaisomea kwenye meza ya manesi, wote tumeipa wodi mgongo. "Kitanda namba 7, ameendelea vizuri." Vizuri vipi? Mkojo ametoa? Ile dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha hupita kwenye figo, na mwenye kisukari anayekunywa metformini, dawa ya sukari, tunatakiwa kujua daktari ameagiza nini juu yake. Ninaomba makabidhiano ya mgonjwa huyu yafanyike kitandani. Muuguzi anayetoka na anayeingia, wote wawili, waweke vidole kwenye mapigo yale yale chini ya tundu. Kama kuna uvimbe, chora mpaka wake kwa kalamu kwenye ngozi na uandike saa. Wa zamu ya usiku akikuta uvimbe umevuka mstari, hana haja ya kubishana na mtu. Vipimo vya awali huwa kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kisha tunapunguza. Mwandikie mwenzako umefikia wapi, asianze kukisia.

Madaktari mliopo, na ninyi mnisikilize. Muuguzi akikupigia saa tisa usiku, ukamkemea, mara ya pili atangoja pambazuke. Na kifua kikianza kuuma tena baada ya stenti, ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inatakiwa ndani ya dakika 10. Sisi nasi tupige simu ya maana. Hizi za "daktari, mgonjwa wako anasumbua" tuziache. Sema ni nani, alizibuliwa lini na kupitia wapi, alikuwaje, amebadilika saa ngapi, presha na mapigo ni ngapi, na unataka aje sasa hivi. Daktari akisikia hivyo, viatu anavaa huku bado yuko kwenye simu.

Sasa dawa. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Aliyewekewa stenti hupewa dawa mbili za kuzuia damu isigande: aspirini ndogo, na klopidogreli au nyingine ya aina hiyo. Sababu ni kwamba chuma kipya ndani ya mshipa huvutia chembe sahani za damu, zinarundikana, donge linajifunga. Kadiri siku zinavyokwenda, utando wa ndani wa mshipa hukifunika chuma, na hatari inapungua. Stenti nyingi za sasa zimepakwa dawa inayozuia nyama isiote ndani na kuziba upya, na dawa hiyo hiyo huchelewesha kufunikwa. Ndiyo maana aliyewekewa kwa sababu ya shambulio la moyo kwa kawaida huambiwa miezi 12 ya dawa mbili, na aliyepangiwa bila shambulio mara nyingi miezi 6. Daktari anaweza kufupisha kwa mtu anayetokwa damu kirahisi. Baada ya hapo wengi hubaki na moja ya hizo maisha yao yote. Ukiacha zote mbili mapema, stenti inaweza kuziba ghafla, na hilo ni shambulio jipya la moyo.

Nani anamwachisha? Mara nyingi si ukaidi wake. Kwanza ni mfuko. Anaruhusiwa na vidonge vya mwezi mmoja, vinaisha, anakwenda duka la dawa anaona bei, ananunua aspirini peke yake kwa sababu ni rahisi na, kwa hesabu yake, "zote si za damu tu?" Mazungumzo ya pesa yafanyike kabla hajavaa nguo za kutokea. Mfamasia amwambie aina ya bei nafuu iliyopo Mwanza, afisa ustawi wa jamii ajue kama kuna bima, na mtoto anayelipa ada na kila kitu awepo pale asikie kwamba hili ni la mwaka mzima. Kuna madaktari wanaochagua aina ya stenti kwa kuuliza kwanza mgonjwa ataweza kununua dawa kwa muda gani. Nawaheshimu sana hao, na swali hilo muuguzi ndiye anayeweza kulijibu, kwa sababu ameongea na familia.

Pili ni jino. Anakwenda kung'oa, anaambiwa "acha dawa za damu wiki nzima". Huyo wa jino hajui habari ya stenti, hajaambiwa. Mgonjwa atembee na karatasi yenye tarehe ya stenti, na mtu yeyote anayetaka kumsimamishia dawa awasiliane kwanza na kliniki ya moyo.

Tatu ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Jamani, mkoa huu tunaimeza sana! Mgongo, goti, kichwa, uchovu wa kushusha mizigo soko la Mwaloni, "nipe diklo". Ikichanganywa na hizi mbili, tumbo linaweza kutoa damu, na moyo wenyewe haiutendei wema. Ibuprofeni ni ukoo huo huo. Parasetamoli inatosha kwa maumivu ya kawaida. Na kwa tumbo linalowaka, omeprazoli inaweza kupunguza nguvu ya klopidogreli, kwa hiyo aulize apewe nyingine, pantoprazoli kwa mfano. Wauza maduka ya dawa muhimu mliopo leo, ninyi ni wauguzi wa huyu mgonjwa kuliko mnavyodhani. Akiomba diklo, muulizeni swali moja tu: "Umewahi kuwekewa kitu kwenye moyo?"

Siwezi kuruka habari za kuambiwa "umeshapona, tupa dawa", iwe kwenye maombi au kwa mganga. Sibishani na imani ya mtu, nami ni muumini. Ninamwambia mgonjwa aombewe, na kidonge akimeze.

Mkitaka kujua kama ameelewa, msimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo, sista. Muulize: "Baba, vidonge vikiisha siku tatu kabla ya kliniki, na uko Sengerema, utafanyaje?" Akinyamaza, bado hajawa tayari kwenda. Kwa bibi anayeongea Kisukuma zaidi, mpe mjukuu atafsiri, kisha bibi mwenyewe arudie kwa maneno yake wewe ukiangalia ameshika kidonge kipi.

Nyumbani sasa. Mwanza yetu ni ya mawe, mnajua. Mtaalamu wa fiziotherapia anaandika "tembea polepole dakika 10 kwenye uwanja tambarare", na mgonjwa anakaa juu kule Mabatini, mlango kwa mlango ni kupanda mwamba. Kabla ya ushauri wowote muulize anakaa wapi na anafikaje. Kama ni huko juu, apange kushuka mara moja kwa siku, apumzike katikati bila aibu, na wiki za kwanza asibebe kitu. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, si mzigo wa mkono uliotobolewa juzi. Mvuvi naye, kuvuta nyavu kusubiri ruhusa ya daktari, na tajiri wa mtumbwi aambiwe na familia ili asimwite kesho kutwa. Kwenda dagaa usiku, mbali na nchi kavu, simu haishiki, hilo lizungumzwe kliniki kabisa. Chakula hakina maajabu: sato wa kuchemsha anamfaa, kayabo, samaki mkavu wa kutiwa chumvi, ana chumvi nyingi mno, na sigara iishe.

Na tendo la ndoa, kwa kuwa hamtauliza mbele za watu: kwa aliyetibiwa bila matatizo na tundu likapona, mara nyingi baada ya wiki moja hivi inawezekana, ikiwa anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana. Waambieni wagonjwa, wake kwa waume. Wananyamaza, wanaogopa, nyumba zinaingia baridi bure.

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya mradi mmoja wa nchi 8 za Ulaya, EUROACTION, ambako wauguzi ndio waliokuwa waratibu, wakifanya kazi na mtaalamu wa lishe, wa mazoezi na daktari, na mwenza wa mgonjwa akaandikishwa naye kama mshiriki. Familia zilizohudumiwa hivyo zilibadilisha chakula na mazoezi kuliko zilizopata huduma ya kawaida. Hatuna haja ya kuagiza mradi Ulaya. Mke wa mgonjwa tayari yupo wodini na chupa ya uji. Kilichobaki ni kumwandika kwenye mpango wa huduma.

Ninaloomba kwa viongozi ni dogo. Mgonjwa anapotoka Dar es Salaam kurudi huku, zaidi ya kilomita 1,000, karatasi yake iwe na namba ya simu ya wodi iliyomtoa, na wodi hiyo impigie muuguzi wa kliniki ya huku kabla mgonjwa hajapanda basi. Muuguzi na muuguzi, dakika tano: stenti ngapi, dawa zipi mpaka tarehe gani, tundu lilikuwaje, nani anamlea. Barua itafuata kwa taratibu zake.

Baada ya kumaliza, mama mmoja wa Nansio, kisiwa cha Ukerewe, aliuliza mzee wake akishikwa kifua usiku kule kisiwani afanye nini. Nilimjibu hivi, na naandika kwa ajili ya wengine: mkalishe, asitembee hata kwenda msalani. Kama daktari alimpa dawa ya kuweka chini ya ulimi, aitumie akiwa ameketi, kama alivyoelekezwa. Usingoje kivuko cha asubuhi. Nenda hospitali ya hapo hapo Ukerewe, waonyeshe karatasi ya stenti, waambie wampime ECG, na habari za kuvuka waamue wao. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, watu wa Sengerema hawana tena adha ya kusubiri kivuko usiku. Ninyi wa visiwani bado. Kwa hiyo leo hii, mzee akiwa mzima, tafuta namba ya mwenye gari la kumfikisha hospitali ya Nansio usiku wa manane, mpatane bei, na uiandike ukutani kwa kalamu nene mahali ambapo hata mtoto ataiona.